Vipimo vya Joto na Unyevu Ghalani: Huduma Ndogo ya Mtandaoni kwa Mavuno ya Manyoni

Miezi ya Mei na Juni, mazao yanapoingia maghalani wilayani Manyoni, mkoani Singida, mchana huwa na jua kali na usiku huwa na anga safi lisilo na wingu. Anga la namna hiyo huruhusu joto la ardhini kupaa upesi, na mabati ya paa hupoa hata kuliko hewa iliyo chini yake. Ghala lililojaa magunia ya mahindi, karanga au mtama usiokauka barabara huwa na hewa yenye mvuke mwingi. Mvuke huo ukigusa bati lililopoa hugeuka maji, na maji hayo hutona juu ya magunia ya juu. Jua likichomoza gunia hukauka kwa nje, mtunza ghala hufungua mlango saa mbili asubuhi na haoni dalili yoyote. Ndani ya gunia kuvu imekwisha kuanza kazi.

Tukio hilo hutokea gizani, mlango ukiwa umefungwa, na ndiyo sababu vihisi vya joto na unyevu vimepata nafasi katika utunzaji wa nafaka. Kihisi ni kifaa kidogo, mara nyingi kisichozidi ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, kinachopima hali ya hewa inayokizunguka na kuigeuza kuwa namba. Namba hiyo ikibaki ndani ya kifaa humsaidia tu yule aliyesimama mbele yake. Ikitumwa kwenye huduma ndogo ya mtandaoni, yaani programu iliyo kwenye seva inayopokea vipimo, kuvihifadhi na kuvitoa kwa anayeviomba, hata mkulima aliyepo Itigi anaweza kujua hali ya ghala lililopo Manyoni mjini kwa kutumia simu yake.

Umuhimu wa jambo hili kwa kanda ya kati hauhitaji maelezo marefu. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa uliosababishwa na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus flavus kwenye mahindi na karanga. Wagonjwa 68 waliorodheshwa, na takriban watatu katika kila kumi walipoteza maisha. Dodoma inapakana na Manyoni kwa upande wa mashariki, na chakula cha wakazi wa pande zote mbili hakitofautiani sana. Nchini Kenya, mwaka 2004, sumu hiyohiyo iliathiri watu 317 na kuua 125, wengi wao wakiwa wakazi wa Makueni na Kitui. Sumukuvu haionekani kwa macho, haina harufu ya kuitambulisha, wala haiondoki kwa kupika ugali. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu maikrogramu 10 tu za sumukuvu kwa kila kilo ya mahindi, na vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5.

Asilimia hiyo ya mwisho ni ya unyevu wa punje, na hupimwa kwa kipima unyevu cha nafaka wakati wa kupokea mzigo. Kihisi cha hewa hakichukui nafasi ya kipimo hicho. Kazi yake huanza baada ya hapo, kwa kuwa punje na hewa iliyo kati ya punje hupeana unyevu mpaka zilingane. Mahindi yaliyokauka kufikia asilimia 13.5 hutulia katika hewa yenye unyevu wa takriban asilimia 65 hadi 70. Hewa ya katikati ya magunia ikipanda na kubaki juu ya hapo kwa siku kadhaa, kuna maji yaliyoingia kutoka mahali fulani. Huenda paa linavuja, huenda matone yanatoka kwenye bati, au kuna shehena iliyopokelewa kabla ya kukauka.

Namba mbili haziachani

Kosa linalojitokeza mara nyingi katika kushirikishana vipimo ni kutuma unyevu bila joto. Unyevu wa hewa unaotajwa kwa asilimia si kiasi cha maji yaliyomo hewani. Ni uwiano kati ya maji yaliyomo na kiasi cha juu ambacho hewa yenye joto hilo inaweza kubeba. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 28 hubeba hadi gramu 27 hivi za mvuke, ilhali hewa yenye nyuzijoto 18 hubeba gramu 15 hivi tu.

Chukua mfano wa mtunza ghala anayeona usiku kwamba ndani kuna nyuzijoto 28 na unyevu wa asilimia 65, na nje kuna nyuzijoto 18 na unyevu wa asilimia 90. Akitazama asilimia peke yake atafunga kila dirisha, akiamini kwamba nje ni kubichi kuliko ndani. Hesabu inasema kinyume. Ndani kuna gramu 17.7 za mvuke katika kila mita ya ujazo, nje kuna gramu 13.8. Hewa ya nje ikiingia itapashwa joto na shehena, itachukua maji zaidi na kuyatoa. Kinyume chake ni alasiri ya Januari mvua ikiwa imekatika: nje nyuzijoto 24 na asilimia 85, ndani nyuzijoto 26 na asilimia 60. Hapo nje kuna gramu 18.5 na ndani 14.6, na kila dirisha lililo wazi linaingiza maji kwenye mazao. Uamuzi wa kufungua au kufunga dirisha ni wa dakika moja, lakini hauwezi kufanywa sawasawa bila namba nne: mbili za ndani na mbili za nje.

Kutokana na joto na unyevu hupatikana pia kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke uliomo hewani huanza kugeuka maji. Kwa hewa ya ndani iliyotajwa hapo juu, yenye nyuzijoto 28 na asilimia 65, kiwango hicho ni nyuzijoto 21 hivi. Bati likipoa chini ya hapo, matone ni lazima. Huduma ya mtandaoni inaweza kufanya hesabu hiyo kwa kila kipimo kinachoingia, na hapo ndipo inapompunguzia mtunza ghala kazi ambayo hangeweza kuifanya kichwani saa tano usiku.

Kifaa na mahali pa kukiweka

Vihisi vinavyouzwa kwa bei nafuu havilingani kwa ubora. DHT11, ambacho hupatikana kirahisi kwa wanafunzi na mafundi, kinaweza kukosea kwa nyuzijoto 2 na kwa asilimia 5 za unyevu au zaidi, na kwa kazi ya ghala kosa hilo ni kubwa mno. DHT22 hukaribia nusu ya nyuzijoto na asilimia 2 hadi 5. SHT31 kutoka kampuni ya Sensirion ya Uswisi ni sahihi zaidi na hustahimili muda mrefu. Tofauti ya bei kati ya vifaa hivyo ni ndogo ikilinganishwa na thamani ya gunia moja la karanga, hivyo kubana matumizi katika kihisi ni kubana mahali pasipostahili.

Ipo njia rahisi ya kukagua kihisi cha unyevu bila maabara. Chumvi ya kawaida ya mezani hutiwa maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, huwekwa katika kifuniko cha chupa, kisha kifuniko hicho na kihisi hufungiwa pamoja ndani ya chombo kisichopitisha hewa, kihisi kisiguse chumvi. Baada ya saa kadhaa hewa ya ndani ya chombo hutulia kwenye asilimia 75, na kiwango hicho hakibadiliki sana joto likiwa kati ya nyuzijoto 20 na 30. Kihisi kinachoonyesha 81 kina kosa la 6, na kosa hilo huandikwa katika kumbukumbu za huduma ili lipunguzwe kwenye hesabu. Kihisi kinachoonyesha 60 hakifai. Vumbi la ghala huharibu vihisi taratibu, kwa hiyo jaribio hilo linafaa kurudiwa kila msimu kabla ya mavuno kuingia.

Mahali pa kuweka kihisi panahitaji uangalifu uleule. Kimoja huwekwa katikati ya magunia, kingine karibu na paa ambako matone huanza, na cha tatu nje. Cha nje ndicho huharibiwa zaidi na uzembe. Kikipachikwa kwenye ukuta unaopigwa na jua kitapima ukuta, si hewa. Wataalamu wa hali ya hewa hutumia kisanduku cheupe chenye mbao zilizopangwa kwa mwinamo ili upepo upite na jua lisipenye, kikiwa kimeinuliwa mita 1.25 hadi 2 kutoka ardhini. Fundi seremala wa Manyoni anaweza kukitengeneza.

Kihisi huunganishwa na kompyuta ndogo ya chipu moja, kwa mfano ESP32, ambayo huamka, husoma, hutuma na kulala tena ili kutunza betri inayochajiwa kwa paneli ya jua. Ikitumwa kila baada ya dakika 15, kihisi kimoja hutoa vipimo 96 kwa siku, sawa na 2,880 kwa siku 30. Ujumbe mmoja pamoja na vichwa vyake vya mtandao unaweza kubaki chini ya kilobaiti moja, hivyo mwezi mzima hautumii hata megabaiti tatu za laini ya simu. Picha moja ya kamera ya simu mara nyingi ni nzito kuliko hapo.

Saa ya nani?

Ujumbe wenyewe ni mfupi. Unaweza kuandikwa hivi: {"kituo":"ghala-1-paa","wakati":"2025-06-14T18:00:00Z","joto":27.6,"unyevu":66}. Sehemu nne tu, lakini ya pili ndiyo inayohitaji ufafanuzi zaidi kwa msomaji wa Kiswahili.

Mtu wa Manyoni akiandika daftarini "saa 3:00", anaweza kumaanisha saa tatu asubuhi au saa tatu usiku. Mashine iliyowekwa kwa desturi ya Kizungu itaielewa namba hiyohiyo kuwa ni saa tisa ya usiku wa manane. Kati ya saa tisa usiku na saa tisa alasiri joto la kiangazi hutofautiana kwa nyuzijoto nyingi, na mchanganyiko wa namna hiyo unaweza kuonyesha ghala linachemka usiku na kupoa mchana. Ndiyo maana huduma hizi huhifadhi wakati kwa saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, na kuibadili tu wakati wa kumwonyesha msomaji. Ujumbe wa hapo juu, wenye 18:00, ni wa saa tatu usiku kwa saa ya Manyoni.

Desturi hiyo si ngeni nchini. Tangu enzi za Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1929, wapima hali ya hewa wamekuwa wakisoma vipimajoto vyao saa tatu asubuhi kwa saa ya hapa, ambayo ni saa 06:00 ya dunia, ili kipimo cha kituo kimoja kilingane na cha kituo kingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilichukua vituo vyake, lakini saa ya kusoma haikubadilika.

Jambo la pili kuhusu wakati ni mtandao unapokatika. Kifaa kizuri huhifadhi vipimo vyake na kuvituma mtandao unaporejea, kila kimoja kikiwa na wakati kilipopimwa, si wakati kilipofika. Huduma nayo hutambua kituo na wakati kwa pamoja kama alama ya kipimo, ili ujumbe uliotumwa mara mbili usihesabiwe mara mbili.

Huduma yenye milango miwili

Upande wa seva, huduma ya namna hii huhitaji milango miwili tu. Mlango wa kupokea hufungwa kwa ufunguo wa siri unaotolewa kwa kila kifaa, kwa sababu yeyote anayeweza kuandika anaweza kudanganya. Mlango wa kutoa huwa wazi kwa wote, au kwa wenye mali, kadiri chama kitakavyoamua. Hifadhidata nyepesi kama SQLite, ambayo ni faili moja tu, inatosha: kihisi kimoja hujaza mistari 35,040 kwa mwaka, kiasi ambacho hata kompyuta ya zamani hubeba bila shida. Anayetaka kuchunguza zaidi hupakua vipimo katika jedwali na kuvifungua kwenye programu ya kawaida ya ofisini.

Pamoja na wepesi huo, zipo kanuni ambazo waundaji wengi huzijua baada ya kuumia. Kipimo ghafi hakifutwi wala kusahihishwa. Kikitiliwa shaka hupewa alama na kubaki. Kihisi cha joto aina ya DS18B20, kwa mfano, huonyesha nyuzijoto 85 kikiwa kimewashwa lakini hakijapima, na namba hiyo ikiingia kwenye wastani wa siku huuharibu. Kipimo kilichokosekana huachwa wazi, kisiandikwe sifuri, kwa maana nyuzijoto sifuri ni kipimo halali na si ukimya. Aidha, ukurasa wa kuonyesha hauna budi kutaja umri wa kila namba. Skrini inayosema nyuzijoto 26 bila kusema kwamba kipimo hicho ni cha juzi inamtuliza mtu ambaye angepaswa kuwa njiani kuelekea ghalani.

Kwa sababu hiyohiyo, tahadhari hutolewa kwa mambo mawili: kiwango kinapovuka mpaka, na kituo kinapokaa kimya. Ujumbe mfupi wa simu hufaa kuliko ukurasa wa tovuti, kwa kuwa humfikia mtunza ghala mwenye simu ya kitufe. Uandikwe kwa maneno ya kazi: "Ghala 1: fungua madirisha ya juu, matone yanatarajiwa usiku huu." Asilimia na kiwango cha umande vibaki kwa afisa kilimo anayevihitaji.

Swali la nani aone vipimo si la kiufundi. Katika ghala la chama cha ushirika cha msingi, magunia ni ya watu wengi, na chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala Na. 10 ya mwaka 2005 mkulima hukabidhi mazao na kubaki na karatasi. Mwenye magunia matano hana namna ya kujua yalivyohifadhiwa mpaka siku ya mnada. Vipimo vilivyo wazi humpa yeye na mwendesha ghala ushahidi mmoja: ikiwa shehena iliharibika, inajulikana unyevu ulianza kupanda lini na wapi.

Kwa vipimo vya nje hali ni tofauti kidogo. Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania Na. 2 ya mwaka 2019 imeweka shughuli za hali ya hewa nchini chini ya usimamizi wa TMA, vikiwamo vituo vinavyomilikiwa na watu na taasisi nyingine, na utoaji wa utabiri na tahadhari kwa umma ni jukumu la Mamlaka hiyo. Chama kinachotaka kituo cha nje kinafanya vyema kuwasiliana na TMA mapema. Mamlaka nayo ina sababu ya kuvipenda vipimo hivyo. Wilaya ya Manyoni imekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa: Kilimatinde ipo juu ya mteremko, na chini yake mashariki ardhi hushuka mamia ya mita kuelekea bonde la Bahi. Kipimo cha Dodoma au cha Singida mjini hakisemi yote kuhusu maeneo yaliyo kati.

Juhudi za kujaza mapengo ya aina hiyo zimekwisha kufanyika katika ukanda huu. Mradi wa WIMEA-ICT uliwakutanisha Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Makerere, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norwei kubuni vituo vya gharama nafuu vinavyotuma vipimo bila waya. Mtandao wa TAHMO, ulioasisiwa na watafiti wa Delft nchini Uholanzi na Oregon nchini Marekani, ulijiwekea lengo la vituo 20,000 barani Afrika, na huweka vituo vingi katika shule, ambako kuna uzio, mwalimu wa kukisafisha na wanafunzi wa kuuliza maswali. Shirika la Hali ya Hewa Duniani nalo mwaka 2021 lilipitisha sera mpya ya pamoja ya kubadilishana takwimu, na mfumo wake wa kisasa wa kupeana vipimo hutumia MQTT, njia nyepesi ileile ambayo vifaa vidogo vya ghalani vinaweza kuitumia.

Mpangilio huohuo unaweza kutumika bila mabadiliko makubwa kwenye jokofu la chanjo la zahanati, ambalo hutakiwa kubaki kati ya nyuzijoto 2 na 8. Kinachobadilika ni mpaka wa tahadhari na muda wa kusubiri. Ghala linaweza kungojea mpaka jioni ili madirisha yafunguliwe. Jokofu likikatika umeme, ujumbe unapaswa kumfikia muuguzi wa zamu ndani ya saa hiyohiyo, na namba ya pili ya simu iwepo kwenye orodha ikiwa ya kwanza haipatikani.